Upungufu

Tukisikia "upungufu wa vitamini B1", akili huenda moja kwa moja kwenye sahani: mtu amekula wali mweupe mtupu miezi na miezi, bila kunde wala dona, akaugua beriberi. Lakini mwaka 1998 madaktari wa Saudi Arabia walieleza ugonjwa wa ubongo wa watoto unaoivunja maana hiyo. Homa ya kawaida tu, na mtoto aliyekuwa akikimbia uani anachanganyikiwa, anapata degedege, viungo vinakakamaa, hata kumeza hawezi. Ukipima damu, tiamini, yaani vitamini B1 hiyo, imo. Kilichoharibika ni jeni ya SLC19A3, inayotengeneza protini ya kuivusha tiamini hadi ndani ya seli. Isipovuka, ubongo hushindwa kugeuza sukari kuwa nguvu. Upungufu upo, ila uko ndani ya seli. Inaniuma mama anaposikia neno hilo akajilaumu kwa mapishi yake. Hakukosea kitu. Tuseme basi upungufu wa nini, na wapi. Tiba ni biotini na tiamini kwa dozi kubwa, maisha yote. Zikianza mapema, wengi hupata nafuu kubwa.