Nyumba Zilizotangulia Nguzo

Katika kata ya Kasanda, kama ilivyo sehemu kubwa ya nyanda za juu za Kigoma, nyumba nyingi ni kongwe kuliko umeme wake. Tofali zilichomwa, bati likapigwa, watoto wakazaliwa na kuozwa, ndipo nguzo ikasimikwa mbele ya ua. Nyaya za nyumba hizi hazikupangwa pamoja na kuta. Ziliingia kwa awamu, na mara nyingi za zamani hazikung'olewa mpya zilipofika. Fundi anayeitwa leo kutengeneza swichi moja anafungua historia ya miaka mingi.

Waha, wenyeji wa nyanda hizi, walikutana na umeme mbali na kwao. Wajerumani walianzisha umeme wa umma Dar es Salaam mwaka 1908, kwa karakana za reli na mitaa waliyoishi wenyewe. Mwaka 1931 Waingereza waliukabidhi kwa kampuni binafsi, TANESCO ikiwa mojawapo, na mwaka 1936 maporomoko ya Pangani yakaanza kutoa umeme kwa Tanga na mashamba yake ya mkonge. Tanga ndiko walikopelekwa manamba wa Kiha. Mtu aliweza kumaliza mkataba wake jirani na nyaya za Pangani, kisha akarudi kwao Buha kuwasha kibatari.

Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, vingi vikiwa kando ya barabara. Uhamisho ule uliacha machungu ambayo wazee hawajayasahau. Lakini ndio uliochora ramani ambayo nguzo zilikuja kuifuata miongo kadhaa baadaye, maana laini ya umeme hupenda barabara, na watu walikuwa wameshapangwa kandokando yake.

Kabla ya nguzo kulikuwa na betri ya gari kwa redio, kisha jenereta. Wakimbizi wa Burundi walipomiminika kuanzia Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, kambi za Mtendeli, Kanembwa na Mkugwa zilileta mashirika, na mashirika yakaja na majenereta. Jenereta dogo likafika dukani, kwenye kibanda cha video, kwenye nyumba ya mwenye uwezo. Nyaya za jenereta zilihitaji kubeba taa tatu na televisheni, basi. Fundi alitumia waya mwembamba, akausokota kwenye viungo na kuufunga tepu, na waya wa eathi hakuuweka, kwani nani angeuulizia? Baadaye likaja sola la volti 12, na wengine wakatandaza hata waya wa spika kupitia dari. Kwa volti 12 waya wa namna hiyo haumshtui mtu. Ukiunganishwa na volti 230, unaweza kuua.

TANESCO ilikuwa na mitambo yake ya dizeli Kibondo na Kasulu, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ulisukuma laini hadi vijijini. Kasanda yenyewe, iliyokuwa ndani ya wilaya ya Kibondo hadi Kakonko ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012, ilisubiri zamu yake. Ada ya kuunganishwa kijijini iliposhushwa hadi shilingi 27,000, watu walijitokeza kwa wingi, na haki yao. Mwaka 2022, mwaka wa ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan mkoani Kigoma, umeme wa Gridi ya Taifa uliletwa kutoka Nyakanazi kwa msongo wa kilovolti 33 na dizeli ikaanza kupumzishwa.

Hapo ndipo tatizo lilipojificha. Shilingi 27,000 ilileta waya hadi kwenye mita ya LUKU. Kutoka mita kwenda ndani ni mali ya mwenye nyumba, na gharama ya nyaya za ndani huizidi ada hiyo mara nyingi. Aliyekuwa na nyaya za jenereta ukutani aliona amekwisha kuvuka daraja. Wengine waliangukia mikononi mwa vishoka, wale wanaojiita mafundi bila leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati. Kwa nyumba ndogo kilikuwapo kifaa cha UMETA, Umeme Tayari, chenye breka na soketi zake, ambacho hakihitaji kutandaza nyaya nyumba nzima. Naamini ni moja ya mawazo bora yaliyowahi kupelekwa kijijini, na kilistahili kutangazwa zaidi ya ilivyofanyika.

Umeme wa dizeli ulikuwa wa mgawo, na uhaba ulizificha nyaya mbovu. Umeme wa gridi unakaa mchana kutwa, na nyumba nayo inanunua vitu. Birika la wati 2,000 linavuta karibu ampea 9. Ongeza pasi na jiko la umeme kwenye soketi moja, na waya uliowekwa kwa ajili ya taa unaanza kuchemka ndani ya dari ambako hakuna anayeuona. Mafundi wazuri hutumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na mnene zaidi kwa jiko. Katika nyumba kongwe unakuta mmoja kwa yote. Fyuzi ikikatika, mtu anachomeka uzi wa shaba, na kuanzia hapo kinachoungua kwanza ni waya ulio ukutani.

Majengo ya misheni na ya serikali yana mtego wa namna nyingine. Yalifungwa nyaya kwa rangi za Kiingereza: nyekundu ya moto, nyeusi ya nyutro, kijani ya eathi. Uingereza ilianza kuhamia rangi mpya mwaka 2004. Katika mfumo wa zamani wa fezi tatu, waya wa bluu ni wa moto. Katika mfumo mpya, bluu ni nyutro. Kijana aliyehitimu chuo juzi, aliyezoea rangi mpya, akiamini macho yake badala ya testa, anaweza kushika kifo kwa mkono wake.

Linaloniumiza zaidi ni bati. Waya ukichunwa na panya au kusuguliwa na misumari ya paa hadi ukagusa bati, paa zima linabeba umeme bila dalili yoyote. Kutoka kwenye paa hilo mama amefunga waya wa kuanikia nguo hadi kwenye mti. Siku ya mvua, akiwa pekupeku kwenye tope, anakwenda kuanua. Breka ya ampea 16 haitamwokoa: miliampea 50 zinatosha kusimamisha moyo, na kwa breka hiyo hazionekani kabisa. Kinachookoa ni swichi ya RCD, inayokata umeme unapovuja kufikia miliampea 30, pamoja na eathi iliyochimbiwa vizuri. Udongo wa nyanda hizi hukauka sana kuanzia Juni, na fimbo fupi ya eathi iliyopimwa wakati wa masika huenda isifanye kazi ipasavyo wakati wa kiangazi. Kamba ya kuanikia nayo iwe ya katani au plastiki, leo hii, kabla hata ya kumwita fundi.

Nyumba hukaguliwa inapounganishwa, na kwa wengi huo ndio ukaguzi wa kwanza na wa mwisho. England tangu 2020 inawalazimisha wenye nyumba za kupangisha kukagua nyaya kila miaka 5. Kwetu kazi hiyo ingeweza kuanzia kwenye zahanati, nyumba za walimu na mabweni ya Kakonko, Kibondo na Kasulu yaliyorithi nyaya za jenereta. Halmashauri inajua yalipo, na vyuo vya VETA vinatoa mafundi kila mwaka. Laini ya kilovolti 400 kutoka Nyakanazi hadi Kigoma nayo ikikamilika, umeme utakaoingia kwenye majengo hayo utakuwa imara kuliko wowote ambao nyaya zake zimewahi kuubeba.