Chokaa ya matumbawe

Chokaa ya matumbawe ndiyo iliyoshika mawe ya nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa na ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Matumbawe ni mifupa ya wanyama wadogo wa baharini, nayo ni kaboneti ya kalisi. Yakichomwa kwa takriban nyuzi 900 za Selsiasi hutoa gesi ya kaboni dioksidi, ikabaki chokaa kavu. Hiyo ikimwagiwa maji huchemka yenyewe na kufuka mvuke. Ajabu hasa hutokea ukutani: polepole chokaa hunywa gesi ileile kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Saruji huganda upesi zaidi, lakini hufungia unyevu ndani ya kuta kuukuu.