Ngoma ya Kuandika

Wiki hii nazungumzia ngoma inayopigwa kwa kuandika.

Mwaka 1965 Hazina ilipata kompyuta ya kwanza hapa nchini. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa mitambo hiyo, baada ya kuona imekula fedha nyingi za kigeni bila faida ya kutosha. Amri hiyo ilikuja kulegezwa, lakini watu wengi wa rika langu tulikuwa watu wazima kabla ya kugusa kompyuta.

Tuje mwaka 1996. Hapa Arusha lilianzishwa kundi la X Plastaz. Mwaka huohuo Mmarekani James McCartney alitoa SuperCollider, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti. Mwaka 2004 kampuni ya Ujerumani, Out Here Records, ilitoa albamu ya X Plastaz iitwayo Maasai Hip Hop. Katika nchi hiyohiyo na mwaka huohuo, mjini Hamburg, wanamuziki wa kompyuta waliunda umoja wao, TOPLAP. Hao hupanda jukwaani na kuandika programu mbele ya watu, muziki ukiendelea. Historia hizi mbili zilipita jirani bila kusalimiana.

Nasema wangeelewana. Katika nyimbo za Kimaasai, olaranyani huongoza, wenzake wakirudia kiitikio kilekile kwa koo nzito. Sauti hiyo ndiyo aliyoiingiza Yamat Ole Meipuko katika X Plastaz. Kompyuta nayo ndivyo inavyoelekezwa: piga noti ya 60, pumzika nusu ya pigo, rudia. Hicho ndicho kiitikio. Kikiendelea, wewe unabadili namba, unaongeza ngoma, unapunguza mwendo. Wewe ndiye olaranyani.

Vifaa si vingi: kompyuta ya mkononi, hata iliyokwisha kutumika, spika, na programu ya Sonic Pi. Mwingereza Sam Aaron aliianza mwaka 2012 ili watoto wafundishwe shuleni. Haiuzwi, na ukishaiweka katika kompyuta, inafanya kazi bila intaneti.

Kwa nini nalisema hili? Kwa sababu Arusha haijawahi kukosa vipaji. Ngarenaro na Kijenge vipo tele. Kilichokosekana ni chombo. Kijana ana mashairi, lakini mdundo ni wa mwenye studio, na saa za studio zinalipiwa. Asiye na chombo hungoja zamu. Anayejua kuandika mdundo wake anaweza kuurekebisha mwenyewe, na wakati huohuo anajifunza hesabu na kazi ya kompyuta.

Shule zenye kompyuta ziwape vijana hawa saa moja kwa wiki baada ya masomo. Marufuku ya 1974 iliondoka zamani. Tusijiwekee nyingine kwa kudhani kuwa kompyuta ni ya kuchapia barua tu.