Bia za ngano na za mashambani za Ubelgiji: Jinsi zinavyoonjwa na kupimwa

MTU aliyezoea bia angavu ya shayiri akimiminiwa bia ya ngano ya Ubelgiji huenda akadhani imeharibika. Imetibuka, rangi yake ni hafifu, na ina uchachu kidogo. Hata hivyo, hizo ndizo sifa ambazo mwonjaji stadi huzitafuta. Kanuni ya kwanza ni kuipima kila bia kwa sifa za jamii yake, wala si kwa mazoea ya mnywaji.

Jamii mbili hutajwa zaidi. Ya kwanza ni witbier, yaani bia nyeupe, ambayo kitovu chake ni mji wa Hoegaarden, mashariki mwa Brussels. Takriban nusu ya nafaka yake ni ngano isiyooteshwa. Iliyobaki ni kimea cha shayiri. Hutiwa mbegu za dhania na maganda ya machungwa machungu. Protini ya ngano pamoja na hamira ndizo huitibua.

Ya pili ni saison, neno la Kifaransa lenye maana ya msimu. Asili yake ni mashamba ya jimbo la Hainaut, kusini mwa nchi hiyo. Kwa desturi ilitengenezwa majira ya baridi, kazi za shamba zilipopungua, kisha ikanywewa na vibarua wakati wa kiangazi. Inayochukuliwa kuwa kielelezo ni Saison Dupont ya kijiji cha Tourpes, yenye kileo cha asilimia 6.5. Hamira yake hula karibu sukari yote, hivyo bia hubaki kavu, bila utamu.

Hatua za kuonja

Bilauri iwe safi, kwani mafuta na mabaki ya sabuni huua povu. Bia isiwe baridi kama barafu, kwa kuwa baridi kali huficha harufu. Anayemimina witbier ya chupa huacha kiasi kidogo chini, akakitikisa taratibu ili hamira iliyotuama iinuke, kisha akakimimina chote.

Kwanza hutazamwa rangi na povu. Pili hunuswa, kabla harufu haijapotea. Witbier nzuri hunukia chungwa na dhania. Ikitoa harufu ya mboga au ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, ina kasoro. Saison hukumbusha matunda na pilipili manga, ingawa mara nyingi haikutiwa kiungo chochote: ni kazi ya hamira. Harufu ya kicheche huonyesha kwamba bia ilipigwa na mwanga.

Tatu ni ladha, pamoja na ile inayobaki baada ya kumeza. Nne ni uzito wake mdomoni na nguvu ya gesi.

Mpango wa kuwathibitisha waamuzi wa bia nchini Marekani, BJCP, ulioanzishwa mwaka 1985, hutoa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia mdomoni 5, na tathmini ya jumla 10. Sura, inayomtisha mgeni, ndiyo yenye alama chache zaidi. Katika mashindano waamuzi hawaelezwi bia ni ya nani, maana mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ladha iliyokaribia kutoweka

Umuhimu wa waonjaji ulidhihirika Hoegaarden. Kiwanda cha mwisho cha bia nyeupe mjini humo, cha Tomsin, kilifungwa mwaka 1957. Muuza maziwa Pierre Celis, ambaye ujanani alisaidia kazi kiwandani humo, aliifufua bia hiyo katikati ya miaka ya 1960. Moto uliteketeza kiwanda chake mwaka 1985, na baadaye kampuni kubwa ikakimiliki. Mwaka 2005 kampuni ya InBev ilitangaza kuhamishia utengenezaji Jupille. Wakazi wakapinga, na mwaka 2007 mpango huo ukaachwa.

Celis alifariki mwaka 2011. Miaka mitano baadaye, UNESCO iliuingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya turathi zisizoshikika za binadamu. Lau asingekuwapo mtu aliyeikumbuka ladha ya Tomsin, bia nyeupe ya Hoegaarden huenda ingebaki jina tu.