Swali Nililolizima

Mwaka 1981, nikiwa mkufunzi wa fizikia chuo cha ualimu, niliwaeleza wanachuo habari za supakondakta, yaani mata inayopitisha umeme bila ukinzani wowote. Niliwasimulia jinsi Heike Kamerlingh Onnes, huko Leiden, Uholanzi, alivyoipoza zebaki mwaka 1911 hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake ukatoweka. Kisha nadharia ya mwaka 1957 ya Bardeen, Cooper na Schrieffer: elektroni ikipita huzivuta kidogo atomi za metali, na mvuto huo humleta mwenzake, zikawa jozi isiyozuilika. Sumaku, nikasema, ni adui wa jozi hizo.

Kijana mmoja wa Bariadi akanyoosha mkono. "Mwalimu, haiwezekani sumaku yenyewe ndiyo ikaziunganisha?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikafuta ubao.

Nimekuja kusoma baada ya kustaafu kwamba mwaka 1979 Frank Steglich na wenzake, Ujerumani, walikwisha kuipata hali hiyo katika mchanganyiko wa seriamu, shaba na silikoni, wenye atomi za sumaku ndani yake. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, karibu na Zürich, waliipata katika oksidi ya shaba, wakatunukiwa Nobel mwaka uliofuata. Katika oksidi za jamaa hiyo kila elektroni ni kama sumaku ndogo, imeelekea kinyume na jirani yake. Mpango huo ukilegezwa kwa kutia elementi nyingine, ukinzani hutoweka kwenye baridi. Wanafizikia wengi huona kwamba mitikisiko ya sumaku hizo ndiyo gundi ya jozi, ingawa mjadala haujafungwa. Mwaka 2008 yakafuata mata ya chuma, Japani; mwaka 2019 utando wa oksidi ya nikeli, Marekani.

Chuma na nikeli, msomaji wangu, ndiyo mifano ya sumaku niliyoandika ubaoni siku ile. Na nikeli imo katika vilima vya Dutwa, hapa hapa Bariadi kwetu.

Msimu wa pamba uliopita nilikutana na kijana yule, sasa mwalimu mstaafu mwenye mvi. Akaniamkia shikamoo. Nikamweleza haya yote chini ya mwembe. Akanyamaza kitambo.

"Baada ya siku ile, mwalimu, sikuuliza tena."

Nikamwomba radhi. Sikuwa na jingine la kumpa.