Bunduki ya komeo: kwa nini haikufika kijijini, na anayeimiliki leo aitunze vipi



Msimu huu swali ninaloulizwa zaidi sokoni si la mbolea wala la viwavijeshi. Ni hili: "Bwana shamba, nyani na nguruwe pori wanatumaliza. Bunduki ipi ni nzuri?" Kazi yangu ni kilimo, na kibali cha silaha sitoi mimi. Lakini mtu aliyelala shambani wiki tatu akilinda mahindi, halafu akakuta nusu eka imelazwa usiku mmoja, anastahili jibu kamili. Nitaanza na historia, maana wengi wanadhani babu zetu walishika gobore kwa kuwa hawakujua kitu bora. Sivyo ilivyokuwa.

Bunduki za kwanza kufika Buha zilikuja na misafara ya pwani iliyokuwa ikienda Ujiji. Zilikuwa za kushindilia: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaweka kitambaa au nyuzi, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Za zamani ziliwashwa kwa jiwe la gumegume, na zilizofuata kwa fataki. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na bunduki inakuwa rungu. Kupakia upya kunachukua muda ambao mtu mwenye upinde anaweza kupiga mishale kadhaa. Ndiyo maana hata wageni wenye bunduki nzuri hawakupita hapa kwa ubabe. Stanley, alipokuwa akienda Ujiji kumtafuta Livingstone mwezi Novemba 1871, alitozwa hongo Buha mara kwa mara, doti kwa doti za kitambaa. Alilipa, na mwisho akaamua kupita usiku kwa kunyatia ili asilipe tena.

Mwaka huohuo wa 1871, huko Ujerumani, jeshi lilichukua bunduki iliyobuniwa na ndugu wawili, Wilhelm na Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf. Hiyo ndiyo bunduki ya komeo. Ubavuni ina mkono wa chuma. Unauinua, unauvuta nyuma, ganda linaruka nje. Unausukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Unaushusha, unajifunga kama komeo la mlango. Risasi, baruti na fataki vyote vimo ndani ya ganda moja la shaba. Ndani ya mtutu kuna mifuo inayozunguka, nayo huizungusha risasi ili iende moja kwa moja.

Kwa nini basi haikushuka hadi kijijini? Jibu lina tarehe. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na mengine yalitia saini Mkataba wa Brussels. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, na kweli bunduki zilitumika katika biashara hiyo. Mkataba ulizuia kuingiza silaha za kisasa katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Sisi tumo humo katikati kabisa. Kilichoachwa kiuzwe kwa masharti ni bunduki za gumegume zisizo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Bunduki zenye mifuo zilibaki kwa majeshi ya serikali, na kwa watu wachache waliopewa ruhusa maalumu, kama wasafiri. Kwa maoni yangu huo mkataba ndio uliotengeneza gobore la kijijini. Fundi wetu wa chuma alijifunza kutengeneza na kukarabati kile kilichoruhusiwa kupita.

Hata askari wa Mjerumani hawakupewa bora zaidi mapema. Vita ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari hapa nchini zilikuwa bado na Mauser ya 1871, yenye risasi moja moja na baruti nyeusi. Ukipiga, wingu la moshi linapanda na adui anajua ulipo. Wakati huo Ujerumani kwenyewe walikuwa na Mauser ya 1898, ya baruti isiyo na moshi na risasi tano ndani. Katika vita vya Tanga, Novemba 1914, Waingereza walishindwa na kuacha mamia ya bunduki za kisasa, na zile zikagawiwa askari.

Kuna kisa kingine cha vita hiyo ambacho mwenye bunduki angefaa kukijua. Mwezi Aprili 1915 meli iitwayo Rubens iliwaletea Wajerumani silaha na risasi. Manowari ya Kiingereza ikaifukuza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na ikazama kwenye maji ya kina kidogo. Shehena iliokolewa, lakini risasi nyingi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Watu walikaa wakizifungua moja moja, wakikausha baruti, wakifunga tena. Hata baada ya kazi yote hiyo, nyingi zilifyatuliwa na hazikulia. Bunduki zilikuwa nzima, tatizo lilikuwa risasi.

Huku kwetu vita iliingia mwaka 1916, Wabelgiji walipopita Burundi na kuteka Kigoma mwezi Julai, kisha Tabora mwezi Septemba. Walikaa Kigoma hadi 1921, ndipo Mwingereza akachukua. Chini ya Mwingereza bunduki ya komeo ilionekana kwa askari wa wanyamapori, kwa polisi na kwa wawindaji wa kigeni. Wanakijiji waliopata kibali, wengi wao kilikuwa cha gobore. Baada ya Uhuru maskauti wengi wa wanyamapori walibeba Brno za Czechoslovakia, ambazo mtambo wake umefuata ule wa Mauser ya 1898. Ukiona leo bunduki ya uwindaji ya komeo, karibu yoyote ile, unaona mawazo ya Paul Mauser: meno mawili makubwa mbele ya komeo yanayobeba nguvu ya mlipuko, na ukucha mpana wa kushika ganda usiloliachia mpaka litoke.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Anza na sheria, maana bunduki nzuri isiyo na kibali ni kesi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya mwaka 2015. Maombi yanaanzia kijijini, yanapita kwenye kamati za ulinzi na usalama, yanaishia Polisi. Kibali cha kumiliki si kibali cha kuwinda. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na leseni yake ni nyingine. Kununua ni kwa muuzaji aliyesajiliwa, au kuhamisha umiliki kupitia Polisi. Hapa mpakani najua kuna vitu vinavyouzwa gizani kwa bei nafuu. Usiviguse.

Ukishafika kwa muuzaji, jambo la kwanza ni kuvuta komeo na kuhakikisha chemba ni tupu, hata kama ameshakuambia ni tupu. Toa komeo, tazama ndani ya mtutu kutokea nyuma kuelekea kwenye mwanga. Mifuo ionekane yenye kingo kali na inayong'aa. Ukiona madoa meusi yaliyochimba chuma, hiyo kutu imeshakula na mafuta hayairudishi. Tazama meno ya komeo kama yameliwa upande mmoja. Linganisha namba ya komeo na ya mwili wa bunduki: komeo la bunduki moja halikopeshwi kwa nyingine, maana nafasi kati ya komeo na risasi hupimwa kwa kila bunduki, na ikizidi ganda linaweza kupasuka usoni pako. Kagua kitako pale pembamba nyuma ya kifyatulio, ndipo huanza kupasuka. Jaribu kizuizi cha usalama mara kadhaa. Kuhusu ukubwa wa risasi, .375 ni ya nyati. Kwa nguruwe pori ni kupita kiasi, na bei ya risasi itakuumiza. Uliza kwanza ni risasi gani muuzaji huwa nayo mwaka mzima. Bunduki ambayo risasi zake hazipatikani ni fimbo ghali.

Matunzo ni suala la unyevu. Milima yetu hii ina mvua tangu Oktoba au Novemba hadi Mei, na ukungu asubuhi. Ukitoka nayo mvuani, toa risasi, toa komeo, pitisha kitambaa kikavu kutoka nyuma kwenda mbele mpaka kitoke safi, kisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki. Nasema kidogo. Mafuta mengi hukusanya vumbi na mchanga, na yakiingia kwenye chemba ni hatari. Kabla ya kupiga tena, futa mafuta yote ndani ya mtutu. Mafuta ya kupikia yanaganda na kukwamisha mtambo, usiyatumie. Usiiache ndani ya mfuko wa ngozi au wa turubai, huvuta maji. Risasi zikae pakavu, zimefungiwa mbali na bunduki na mbali na watoto, wala zisikae karibu na mafiga. Risasi ikigoma, elekeza mtutu mahali salama, subiri nusu dakika nzima ndipo ufungue komeo, kwa sababu nyingine huchelewa kulia. Iliyogoma usiirudie.

Kwa wengi wenu jibu la nyani halitakuwa bunduki. Ni zamu za kulinda kwa pamoja, na kupanda pembezoni mwa shamba kitu wasichokipenda, kama pilipili. Mnyama mkubwa akiharibu shamba, mwite Afisa Wanyamapori wa Wilaya mapema kabla alama hazijafutika, maana kifuta jasho hulipwa kwa tathmini, na shamba lililokwisha kulimwa upya halitathminiwi.

Na yule mzee aliyeniuliza kuhusu gobore la marehemu baba yake lililo darini: usilijaribu. Mtutu wa zamani uliokaa na mabaki ya baruti nyeusi huwa umeliwa na kutu kwa ndani bila kuonekana, na huenda bado umeshindiliwa. Mjulishe Mwenyekiti wa kijiji, Polisi walifuate lilipo. Mwaka 2022, Septemba hadi Oktoba, Serikali ilitoa muda wa kusalimisha silaha kama hizo bila kushtakiwa. Ukisikia muda mwingine umetangazwa, usingoje siku ya mwisho.