Kutoka Boston hadi Beni: Mlipuko ukiisha, kazi ya daktari wa akili ndiyo inaanza

Vuli ya mwaka 1918, homa kali ya mafua ilipokuwa ikiwamaliza watu mjini Boston, Marekani, Hospitali ya Boston Psychopathic ilianza kupokea wagonjwa ambao mafua yalikuwa yamewavuruga akili. Wapo walioweweseka, wapo waliosikia sauti zisizokuwapo, na wapo waliomshuku kila aliyewakaribia.

Daktari kijana, Karl Menninger, aliyehitimu Harvard mwaka mmoja tu kabla, alianza kuweka kumbukumbu zao. Januari 1919 alichapisha uchambuzi wa wagonjwa 100 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Kundi kubwa zaidi lilikuwa na dalili za ugonjwa ambao leo tunauita skizofrenia. Kwa madaktari wa zama zile hiyo ilikuwa hukumu, maana aliyepewa jina hilo hakutarajiwa kupona.

Menninger hakuishia hapo. Aliendelea kuwafuatilia, na mwaka 1926 akatoa matokeo: wengi wa wale aliowapata tena walikuwa wamepona. Asingewafuatilia, hukumu ya 1918 ingebaki kwenye mafaili yao. Fundisho hilo limejirudia katika kila janga lililofuata. Serikali hutangaza siku mlipuko ulipokwisha, lakini hakuna awezaye kuitangaza siku akili za watu zitakapotulia. Lazima daktari arudi akaulize.

Miaka 85 baada ya Boston, zamu ilikuwa ya waganga wenyewe. SARS, ugonjwa wa kuambukiza wa mapafu, ilipoingia Toronto, Kanada, mwaka 2003, sehemu kubwa ya walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Daktari wa akili Robert Maunder na wenzake wa Hospitali ya Mount Sinai waliandika mwaka huohuo juu ya hofu ya wafanyakazi wenzao, upweke wa karantini na woga wa kupeleka ugonjwa nyumbani. Kisha nao wakarudi kuuliza. Mwaka mmoja hadi miwili hivi baada ya mlipuko, waliwalinganisha wahudumu wa Toronto na wale wa Hamilton, mji wa jirani ambao hospitali zake hazikutibu SARS. Wa Toronto walikuwa bado wamechoka zaidi, wana msongo zaidi, na waliopunguza saa za kazi au kukaa mbali na wagonjwa walikuwa wengi kuliko wa Hamilton.

Somo zito zaidi limetoka mashariki mwa Kongo, kwa watu wanaozungumza lugha hii yetu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola iliua watu 2,287 katika eneo ambalo tayari lilikuwa limechoshwa na vita. Mgonjwa alichukuliwa na watu waliofunikwa kuanzia kichwani hadi miguuni, na mara nyingi ndugu zake hawakumwona tena. Familia nyingi zikaanza kuwaficha wagonjwa wao.

Mjini Beni, shirika la kitabibu la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu, vyenye mikono ya glavu iliyopachikwa ukutani. Daktari aliweza kumhudumia mgonjwa bila kuvaa lile vazi zito, uso wake ukionekana. Mama aliweza kukaa nje ya ukuta na kuzungumza na mwanawe. Karibu na kituo cha matibabu, manusura wa Ebola, ambao miili yao ilikuwa imepata kinga, waliwabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Wanasaikolojia waliingia kazini tangu mwanzo, na manusura waliendelea kuhudhuria kliniki baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Ilipofika zamu ya Uviko-19, dunia ilionyesha kwamba haikuwa imesikiliza. Shirika la Afya Duniani lilizichunguza nchi 130 katikati ya mwaka 2020, na katika asilimia 93 ya nchi hizo huduma za afya ya akili zilikuwa zimekatizwa au kuvurugika, wakati ambapo watu walizihitaji kuliko kawaida. Katika mwaka wa kwanza wa janga hilo, sonona na wasiwasi viliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Wauguzi waliwashikia wagonjwa simu ili waagane na watoto wao. Wengi wa wauguzi hao bado wanaishi na kumbukumbu hizo.

Pamoja na yote hayo, serikali duniani hutenga wastani wa asilimia 2 tu ya bajeti zao za afya kwa afya ya akili. Fedha za dharura nazo hukauka maambukizi yanapokwisha, wakati uleule ambao Menninger na Maunder waligundua kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Kila mpango wa kupambana na mlipuko unapaswa kutaja, tangu siku ya kwanza, nani atarudi kwa manusura, kwa waliofiwa na kwa wahudumu mwaka mmoja baadaye, tena miaka mitano baadaye, na kwa fedha za nani. Mpango usio na jibu la swali hilo bado haujakamilika.